Mbwa wa Frasila Nne

Siku niliyoanza kazi Bwana Meneja hakuniuliza jina. Aliniuliza tunauza nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake pale Shangani, Unguja, suruali nyeupe imepigwa pasi ya makaa mpaka inataka kusimama peke yake, kofia ya viua kichwani, na jibu nilidhani ninalo.

"Tunauza safari za ndege, bwana."

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu kilichonyooka kama rula. "Tunauza uzito. Ndege haijui hiki ni kiti cha mfalme au gunia la vitunguu. Inajua ratili tu. Ukikosea uzito, umeua watu. Kaa."

Nikakaa. Hivyo ndivyo nilivyoingia ukarani wa mizigo ya ndege, katika miaka ya hamsini, na kama ningalijua kwamba kabla ya miezi mitatu kwisha nitakabidhiwa mbwa, wallahi ningalisimama nikaenda zangu Mlandege kuuza vitambaa dukani kwa ami yangu.

Nyie wa leo mnabonyeza vitufe na mzigo unakwenda. Sisi tulikuwa na hati ya mzigo, karatasi yenye nakala saba zilizopachikwa kaboni katikati, na ilibidi uandike kwa kukandamiza mpaka nakala ya saba isomeke. Sugu ya kidole hiki ninayo mpaka leo, anayetaka aje aishike. Tena kulikuwa na karatasi ya mlingano, inayoonyesha kila mzigo umewekwa wapi ndani ya ndege, mbele au nyuma, kwa sababu ndege iliyolemewa mkiani hainyanyuki vizuri. Ndege yetu yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini mbili na abiria wanane. Akipanda bibi mmoja mnene pamoja na fuko lake la maembe, mimi nilikuwa napiga hesabu upya.

Aliyenifundisha yote hayo ni Karani Mkuu, Mgoa mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa hapigi kelele, lakini ukikosea nakala ya tatu alikuwa anakutazama mpaka unatamani apige kelele. Ajira yangu ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu. Baada ya hapo Bwana Meneja atatia saini ya kunithibitisha, au nitarudi kwa ami yangu.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Jumamosi moja Bwana Meneja akaniita.

"Bwana Kilimo amehamia Uingereza," akasema. Bwana Kilimo ndivyo tulivyomwita afisa mkubwa wa idara ya kilimo, aliyekuwa akikaa Mazizini. Mkewe alikuwa mgonjwa huko kwao, akaitwa kwa haraka, akaondoka na begi moja. "Ameacha mbwa wake. Mbwa atakwenda Alhamisi. Nafasi yake Nairobi kwenye ndege kubwa imeshawekwa. Kazi hii ni yako."

"Yangu, bwana?"

"Mbwa akiondoka Alhamisi, umethibitishwa. Asipoondoka, tutazungumza."

Nikatoka nje nikamtazama Karani Mkuu. Na yeye akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akazipanga mbele yangu moja moja kama mtu anayegawa karata.

"Kinachopumua," akasema, "kina fomu nne zaidi."

Sasa nieleze, maana wapo vijana watakaosoma haya wakaona nalalamika bure. Mimi nimelelewa Malindi, nyumba ya watu wanaosali. Mbwa kwetu ukimgusa mkavu na wewe mkavu, hapana neno. Lakini mate yake ni najisi. Yakikupata, hapo pana kazi: unaosha mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Si kwamba tunamchukia, ni kiumbe wa Mungu. Lakini hatukai naye, hatumpakati, hatumbusu puani kama wafanyavyo wenyewe. Mimi katika umri wangu wote nilikuwa sijasimama na mbwa karibu ya hatua tano.

Jumapili asubuhi nikapanda baiskeli mpaka Mazizini. Lango nikafunguliwa na mzee mfupi, kifua kipana, kikoi cha mistari na fulana. Huyu ni Mzee Haji, mtu wa Mkokotoni, aliyekuwa mpishi wa Bwana Kilimo miaka saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemfuata Meja?"

Meja ndilo jina la mbwa. Nikageuka, nikamwona. Lahaula! Nilidhani ni ndama. Rangi ya majivu, miguu mirefu, kichwa kinafika kifuani mwangu, na mashavu yananing'inia yanadondosha mate kama bomba lisilofungwa vizuri. Nikarudi nyuma nikakanyaga ndoo.

"Hana neno," akasema Mzee Haji. "Keti, Meja." Na lile dude likakaa.

Nikamuuliza kama Bwana Kilimo kaacha maagizo yoyote. Mzee Haji akaingia ndani, akatoka na barua ya Kiingereza aliyoachiwa bila kusomewa. Akasema, "Nisomee na mimi nisikie." Nikasoma. Ilisema nyumba itapokewa na afisa mpya siku ya Ijumaa, na afisa huyo ana watoto wadogo. Mbwa aondoke kabla. Ikishindikana, Daktari wa Mifugo ameshaambiwa aje ampige risasi, kwa maana mbwa mkubwa namna hiyo hawezi kuachwa azurure kisiwani.

Mzee Haji akaichukua barua, akaikunja. Kisha akasema, "Nilimuuliza mama watoto kama nende naye Mkokotoni. Kasema nyumba ile ina mlango mmoja, ama aingie yeye ama aingie mbwa. Na jirani zangu wana mbuzi. Huyu Mkokotoni hamalizi wiki, mwanangu. Mpeleke. Mpeleke kwao."

Nilikuwa nafikiria saini yangu ya uthibitisho, nikaona kumbe jambo hili lina roho mbili ndani yake, na yangu ndiyo ndogo.

Kwanza ilitakiwa nijue uzito wake, ili nafasi iandikwe. Karani Mkuu akanielekeza bandarini, kwenye mizani ya karafuu, eti ndiyo iliyo karibu na ofisi. Jumatatu tukatembea kutoka Mazizini mpaka mjini, Mzee Haji kashika kamba, mimi nipo hatua kumi nyuma na baiskeli yangu, watu wametoa vichwa madirishani. Kufika, msimamizi wa wachukuzi akaniona, akanyoosha mkono kama anayesimamisha gari.

"Wee! Unakwenda wapi na nyama hiyo?"

"Nakuja kumpima tu, yakhe. Dakika moja."

"Mizani hii inapima kitu watu wanatia kinywani! Potea! Potea kabla sijamwita tajiri!"

Tukapotea. Tukatembea njia yote ile kurudi, tukapita Mazizini, tukaenda mpaka kiwanja cha ndege, Kisauni, jua limesimama kichwani, mbwa ulimi nje na mimi ulimi karibu nje. Mizani ya kiwanjani ilikuwa ya jukwaa, chuma kitupu, haijali anayepanda ni nani. Meja akapanda, akakaa kwa adabu. Ratili mia na arubaini. Kwa hesabu zetu za kisiwani, frasila nne kamili.

Njiani kurudi Mzee Haji akaanza, "Mwanangu, kuna neno moja juu ya chakula chake..."

"Mzee," nikamkata, "hebu kwanza nipate sanduku la kumtia. Chakula baadaye."

Mchana ule ule nikaenda kwa Fundi Salum. Hapa ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe. Fundi Salum alikuwa mchonga milango. Milango yake ipo mpaka leo Mji Mkongwe, mnaipiga picha. Nilimwendea yeye kwa sababu ndiye fundi bora niliyemjua, na kwetu ukitaka kitu kizuri unamwendea fundi bora. Nikamwambia njoo umpime mbwa.

"Nimpime mbwa?" Akaweka patasi chini. "Mimi nna udhu. Niletee vipimo."

Mzee Haji akampima Meja kwa uzi wa katani, urefu, upana na kimo. Nikaupeleka uzi wenyewe, nikamwambia fundi, "Nataka sanduku imara. Linakwenda Uingereza, usinitie aibu." Ewe mwenzangu, usije ukamwambia mchonga milango wa Unguja asikutie aibu. Hayo ni maneno ya kumchokoza.

Jumanne alasiri nikaitwa. Nilipofika kulikuwa na watu wanne wamesimama wanatazama, na mmoja anasema mashaallah. Sanduku lilikuwa la mvule, mbao nene vidole viwili. Pembe zimebanwa kwa mabamba ya shaba. Mlango una komeo la kuchongwa, na juu yake kaweka safu ya njumu, zile tumba za shaba za milango mikubwa, tatu tatu. Kwenye kizingiti kachonga maua ya yungiyungi.

"Siku moja tu," akasema Fundi Salum, na jasho bado linamtoka. "Sikulala mchana."

"Fundi," nikasema, "matundu ya hewa yako wapi?"

"Matundu?"

"Mbwa anapumua, fundi."

Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Nitoboe mvule huu? Yakhe, wewe ulisema imara!"

Nikaita wachukuzi sita. Wakalipandisha kwenye gari la ng'ombe, likafika Kisauni magharibi inaingia. Likawekwa juu ya mizani. Frasila saba. Sanduku tupu! Frasila saba na frasila nne za mbwa, kumi na moja, sawa na watu wawili wazima na mizigo yao. Na mlango wa ndege ukiupima na lile sanduku, lilikuwa halipiti hata ukilibembeleza.

Bwana Meneja akaja mwenyewe na gari yake. Akalizunguka sanduku mara mbili. Akapapasa yale maua ya yungiyungi kwa kidole.

"Zuri sana," akasema. "Ndege ikidondoka, sanduku hili litabaki." Kisha akanigeukia. "Tunauza nini sisi?"

"Uzito, bwana."

"Una kesho moja."

Nilipanda baiskeli mpaka Mazizini huku nagombana na nafsi yangu kwa sauti. Nilikuwa na hasira na Bwana Kilimo aliyefuga ndama akamwita mbwa, hasira na Fundi Salum, hasira na mvule, na hasira na Mgoa na fomu zake. Nilipofika Daktari wa Mifugo alikuwa uani, Mzungu mrefu mwenye kaptula, ameshamkagua Meja na anatia saini cheti cha afya.

"Cheti kinakwisha Alhamisi," akaniambia. "Kijana, sipendi kazi ya Ijumaa. Usiniletee kazi ya Ijumaa."

Alipoondoka nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikamweleza Mzee Haji yote. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Ndege inataka nini hasa?"

"Kitu chepesi. Kinachopitisha hewa. Kisichovunjika."

"Basi unataka dema."

Nikamtazama. Dema mnalijua, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito za mianzi, wenye matundu kila mahali. Unazama baharini na mawe ndani, unapigwa na mawimbi, unavutwa na kamba, na hauvunjiki. Na mkononi mwepesi, mtu mmoja anaubeba begani. Mzee Haji kabla ya kuwa mpishi alikuwa msuka madema kwao. Na nyuma ya nyumba ile, tazama kudura ya Mungu, Bwana Kilimo mwenyewe alikuwa amepanda mianzi safu nzima, kwa majaribio ya idara.

Jumatano, tangu baada ya sala ya alfajiri, Mzee Haji alikata, akapasua, akachonga fito, akasuka. Mimi nilishika pale aliponiambia shika. Nilichana viganja vyote viwili. Kiunzi tulikifanya kwa mbao nyepesi za makasha ya chai, pembe zikafungwa kwa kamba ya kumbi iliyolowekwa, ikauke ikaze. Meja alilala kivulini akitutazama. Mara kwa mara Mzee Haji alikuwa anamsemesha. "Tulia, tunakushonea suti." Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu anasuka kwa mikono yake kitu kitakachomwondolea alichokilea miaka saba, na kila ufito anaukaza zaidi ya ule uliotangulia, ili safari isije ikaharibika.

Adhuhuri akatoa sufuria ya chakula cha mbwa. Akasema tena, "Mwanangu, njoo uone anavyokula, maana huko aendako..."

"Mzee, nna fomu nne sijazijaza!" Nikaingia barazani na karatasi zangu. Fomu ya nne ilikuwa na mstari ulioandikwa 'Maelekezo ya Kulisha'. Nikaandika, 'Wali na nyama, mara mbili kwa siku, maji.' Hata sikuinua kichwa kutazama uani. Nakala saba, zote zinasomeka.

Alhamisi asubuhi kiwanjani, Karani Mkuu aliliona lile tundu letu la mianzi akavua miwani. "Atalitafuna kabla ya Mombasa," akasema.

"Hatafuni kitu changu," akasema Mzee Haji.

Bwana Meneja akalisogelea. Akalikanyaga kwa kiatu. Likalalama, likarudi. Akageuka akalikalia, mzima mzima, mtu mzito yule, miguu juu. Halikuvunjika. Likapimwa. Frasila moja na ratili ishirini. Akaagiza kiti kimoja cha abiria king'olewe, na mbwa akae hapo, katikati, mlingano uwe sawa.

Ikabaki kumtia. Meja akaliangalia tundu, akakataa. Wapakiaji wote wamesimama mbali, kila mmoja ana udhu siku ile, hata wale ninaojua hawasali. Nikavuta kamba mimi. Nilikuwa nimeshachoka kuogopa, bwana. Nikavuta, naye akavuta, akanishinda, nikaanguka kifudifudi, na yeye kwa huruma akaja akaniramba uso mzima kutoka kidevuni mpaka kwenye kofia.

Astaghfirullah! Nilivyopiga kelele, rubani alitoa kichwa.

Mzee Haji akavua kikoi chake cha juu alichojitanda begani, akakitandika ndani ya tundu. Akaingiza kichwa na mabega, akapiga chini kwa kiganja. "Njoo, baba. Njoo ulale." Meja akaingia. Alipokuwa anapita, akamramba na yeye mikono yote miwili, na Mzee Haji hakuiondoa. Miaka saba alikuwa anajihadhari na mate yale. Aliiacha pale mpaka mbwa akamaliza, kisha ndipo akafunga mlango kwa kamba, mafundo matatu.

Ndege ikaondoka. Tukabaki sisi wawili kwenye bomba nyuma ya banda la mizigo, kila mtu na udongo wake mkononi, tunaosha. Mimi uso, yeye mikono. Alikuwa anahesabu pole pole. Alipofika mara ya nne akasema, "Hukuniuliza anavyokula."

"Nshajaza fomu, mzee," nikasema, macho nimeyafumba kwa udongo. "Wali na nyama, mara mbili. Nimeandika."

Akaendelea kuhesabu. Tano. Sita. Saba. Akajifuta kwa fulana, akaniaga, akapanda gari la shamba kurudi Mkokotoni, kwa sababu kazi yake Mazizini ilikuwa imekwisha siku ile ile.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Na mimi nilidhani hivyo, nikawa natembea ofisini kifua mbele. Bwana Meneja alikuwa hajatia saini bado, anasubiri taarifa kwamba mzigo umefika. Taarifa ikaja baada ya siku kumi hivi, kwa simu ya maandishi. Akaniita akanipa niisome.

Mbwa amefika salama. Yuko karantini, kule kwenye mabanda ambako mbwa wageni walikuwa wanafungiwa miezi sita ili ijulikane kama hawana kichaa. Tangu afike hajala kitu. Wamempa wali na nyama kama ilivyoandikwa. Hagusi. Amekonda, hasimami vizuri. Bwana Kilimo haruhusiwi kukaa naye. Muulizeni Haji upesi.

"Wali na nyama," akasema Bwana Meneja. "Nani aliandika?"

"Mimi, bwana."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu, bwana," nikasema. Niseme kweli, sikumwogopa yeye. Niliona aibu kwa mtu aliyekuwa hayupo chumbani.

Nikapanda gari ya kwanza kwenda Mkokotoni. Nikamkuta Mzee Haji uani kwake, anatengeneza dema la mtu lililochanika. Mkewe akaniletea maji, akauliza kwa jicho la pembeni kama nimekuja na lile jinyama. Nikasema sikuja nalo. Nikamweleza Mzee Haji. Akaacha ufito ukamponyoka.

"Siku ngapi hajala?"

"Hazijapungua tano."

"Nilikwambia," akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angalipaza. "Nilikwambia njiani, nikakwambia uani, nikakwambia bombani."

"Uliniambia, mzee. Kosa langu. Niambie sasa."

Basi akanieleza. Tangu Meja mtoto, yeye ndiye aliyempa chakula. Na kwa sababu ya kujihadhari na mate, alikuwa anapakua kwa upawa mrefu, anaweka sufuria chini, anasema "Bismillahi" kama asemavyo kwa chakula chochote anachokiweka mbele ya kiumbe, kisha anageuka, anakwenda kukaa kwenye kibao hatua tatu mbali, mgongo kampa mbwa, asirushiwe matone. Mbwa naye akazoea. Asiposikia lile neno, hali. Akitazamwa, hali. Miaka saba kala hivyo, hajui kama kuna namna nyingine ya kula duniani.

"Mzee Haji!" nikasema. "Umemfundisha mbwa bismillahi?"

"Sikumfundisha. Nilikuwa nasema yangu. Kasikia."

Nilirudi mjini na gari ya alasiri. Nikaandika ujumbe: mtu wa mabanda aweke chakula, aseme Bismillahi, ampe mgongo, akae mbali, asitazame. Bwana Meneja akausoma mara mbili midomo inacheza. "Bis-mil-la-hi," akajaribu. Akatia saini chini. Karani wa ofisi ya simu, jirani yetu wa Malindi, akausoma akanikodolea macho. "Neno hili kwa mbwa, bwana? Huko London?"

"Tuma," nikasema. "Tuma kabla sijalia mbele ya watu."

Siku mbili sikulala vizuri. Ya tatu jibu likaja, maneno mawili tu. Amekula. Anakula.

Bwana Meneja akachukua kalamu, akatia saini karatasi yangu ya kuthibitishwa, akanisukumia mezani bila kunitazama. "Si kwa sababu ya fomu," akasema.

Ijumaa ile nikarudi Mkokotoni na lile jibu la simu. Mzee Haji alikuwa anajua kusoma msahafu tu, herufi za Kizungu hazijui, kwa hiyo nikamsomea. Akauliza, "Nani aliyemwambia bismillahi?"

"Bila shaka Mzungu mmoja, mlinzi wa mabanda. Kampa mgongo, kasema."

Akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa mkono, na mimi sikujua machozi yale ni ya kicheko mpaka wapi. "Kasema sawasawa?" akauliza. "Au kakosea?"

"Kala, mzee. Basi kasema sawasawa."

Nilikaa kazini miaka thelathini na kitu. Nilipelekwa Dar es Salaam, nikapelekwa Mombasa, nikarudi Kisauni nikiwa mkuu wa mizigo, na wakubwa walipita juu yangu wengi, wengine hawajui ratili wala kilo. Nimesafirisha farasi, kasa, tausi wawili waliogombana njia nzima, na maiti za watu wazuri. Lile sanduku la mvule lilikwenda kwa mama yangu, akatia nguo za arusi za dada zangu, na lipo mpaka leo kwa mpwa wangu, halijaingia mchwa.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na kijana wa ofisi akaniuliza ni funzo gani naacha. Nilikasirika, kwa maana alikuwa anauliza huku anajaza fomu ya paka wa mtu, na ule mstari wa kulisha keshaandika, 'Samaki, mara mbili'. Mwenye paka alikuwa amesimama mbele yake kwenye kaunta.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Samaki, mzee. Si paka huyu?"

Nikamnyang'anya karatasi, nikaichana nakala zote saba. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hawakwambii kuuliza kunachukua muda gani. Mimi nakwambia. Mzee Haji alitaka dakika moja yangu. Aliiomba njiani, akaiomba uani, akaiomba bombani huku mikono yake inanuka mate ya mbwa aliyemuaga. Mara ya nne ilibidi mimi niipeleke mwenyewe, Mkokotoni, na nilipofika mbwa alikuwa ana njaa siku tano.

Nikampa kijana karatasi mpya, nikamgeukia mwenye paka. "Haya, bibi," nikasema. "Tuambie anavyokula."